Sebule ya Immaculate

Jumamosi ya zamu ya Immaculate kupokea kikundi cha akina mama, Rita alifika wa kwanza, maana alitoka nyumba ya pili tu na hakuwa na vumbi la kufuta miguuni. Alimkuta Immaculate amesimama juu ya kiti, misumari mdomoni, akitundika vikapu ukutani. Vilikuwa vikapu vya mkonge, vingine vyeupe, vingine vimetiwa rangi ya udongo na ya zambarau. Alivipanga kuanzia juu ya tivi hadi karibu na dirisha, kikubwa katikati na vidogo vikikizunguka kama vifaranga. Mtindo huo aliuona kwenye simu, kwa mwanamke fulani wa Nairobi anayefundisha watu kupendezesha nyumba.

Rita alisema vimependeza. Moyoni alisema kikapu ni cha kubebea mahindi.

Akakaa kwenye kochi la upande wa dirisha, mahali pake pa siku zote, akanyoosha miguu. Siku zote akikaa pale magoti yake yaligonga meza ya katikati. Siku hiyo hayakugonga. Alijisogeza mbele kidogo na bado hayakugonga. Akatazama kama meza imehamishwa, lakini meza ilikuwa katikati ya zulia kama kawaida, na makochi yalikuwa yameegemea kuta zao. Sakafu ndiyo iliyokuwa imezidi.

Mtu mwingine asingeona. Rita aliona kwa sababu nyumba yake na ile zilikuwa nyumba moja iliyojengwa mara mbili. Baba mkwe wao, mzee aliyestaafu reli, alinunua ploti pale Mwakingali, Voi, akamwita fundi Mulinge na kumwambia awajengee wanawe wawili nyumba mbili kwa mchoro mmoja, dirisha kwa dirisha, sebule kwa sebule, ili wake zao wasije wakapata la kugombania. Mzee alikuwa mtu wa haki. Alikufa akijua amemaliza ugomvi kabla haujaanza.

Mwandawiro, kifungua mimba, alikuwa mume wa Rita. Ben, kitinda mimba, alikuwa mume wa Immaculate. Wake hao waliitana "mke mwenzangu" kwa utani, kama wafanyavyo wanawake walioolewa na ndugu, na utani huo ulikuwa na meno. Na kwa kuwa desturi ya kwao milimani ni mama kukaa kwa kitinda mimba, mzee alipozikwa, mama yao aliteremshwa kutoka Wusi akapewa chumba cha nyuma kwa Ben, kile chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Jina lake lilikuwa Wakesho, lakini mtaani wote walimwita Nyanya.

Nyanya ndiye aliyesuka vile vikapu. Ndiye pia aliyefuma vitambaa vya kochi, cha meza, cha tivi, na lile pazia la mlangoni lenye maua makubwa kama sahani. Alianza asubuhi baada ya chai akaacha macho yakichoka. Hakuzoea kukaa bure, na huku chini kwenye joto hakuwa na shamba.

Akina mama wakaingia mmoja mmoja, wakivua viatu. Mwenyekiti wao alikuwa Nzilani, mke wa fundi Mulinge, muuza mapazia ya mitumba sokoni, mwanamke mwenye jicho la nguo na mdomo usio na kifuniko. Alisimama katikati ya sebule, akazunguka polepole, akatazama ukuta wa vikapu kama mtu anayetazama gauni la bibi harusi.

"Immaculate," alisema, "hii mikono yako ina baraka."

"Asante, mwenyekiti," alijibu Immaculate.

Ukuta wa nyuma ukarudi nyuma kidogo. Ulitoa sauti ya kiti kinachoburutwa kwenye saruji, basi. Akina mama waliinua vikombe visimwagike, wakangoja utulie, kisha wakaendelea kunywa chai. Nzilani akasema afadhali, mara iliyopita alitoka pale na alama ya meza kwenye goti. Wakaletewa mahamri na mbaazi, baadaye kimanga cha muhogo na maharagwe kilichopondwa vizuri, na mazungumzo yakaingia kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa karamu ya Desemba. Kila mwaka kikundi kilifanya karamu moja kubwa, akina mama na waume zao, na nyumba iliyochaguliwa ilisemwa mwaka mzima: fulani alitupokea, kwa fulani tulikula. Rita aliitamani karamu hiyo tangu aolewe. Alikuwa ameshanunua hata sahani zake, za bluu, zilizokuwa bado kwenye boksi chini ya kitanda. Nzilani akasema, bila ubaya wowote, kwamba Desemba haina haja ya kura. Waende kwa Immaculate, kwingine watakaliana mapajani.

Wote wakacheka. Rita alicheka pia.

Aliporudi kwake alichukua uzi wa mkonge akaupima sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, akaukata. Kesho yake alikwenda kwa Immaculate kuomba chumvi. Immaculate alipoingia jikoni, Rita aliinama, akaushika uzi kwenye ukuta mmoja na kuuvuta kwenda wa pili. Haukufika. Ulipoishia, bado palikuwa na nafasi ya kulaza mtoto.

"Umepoteza nini, mke mwenzangu?" aliuliza Immaculate, chumvi mkononi.

"Kifungo."

"Kitafute vizuri. Siku hizi hapa kitu kikianguka kinaenda mbali."

Rita akaenda nyumbani na chumvi ambayo hakuihitaji, na roho yake ilikuwa inamuuma kama jino.

Alianza kupamba. Alipaka sebule rangi ya malai, kisha akaona mwanamke wa kwenye simu akisema malai imepitwa, akapaka ya majani makavu. Alimtuma Mwandawiro, aliyekuwa karani huko Wundanyi na kushuka kila Ijumaa, amletee vyungu vya maua kutoka baridini. Maua yalikufa kwa joto la Voi kabla ya Jumapili, naye akaweka ya plastiki. Alinunua mito ya kochi yenye vishada. Alitundika kioo cha duara. Akaona haitoshi, akakaa mwenyewe na sindano akafuma vitambaa, akifumua na kufuma upya, mpaka vikawa vitambaa vya kutosha, si vizuri sana, lakini vya mikono yake.

Zamu yake ilipofika, akina mama walikuja wakasifu. Hawakuwa wachoyo wa maneno. Walisema rangi inatuliza, kioo kinaleta mwanga, vitambaa vimekaa. Kila sifa Rita aliipokea na kugeuka kutazama ukuta. Ukuta ulisimama pale pale kama wa benki. Nzilani alikaa, magoti yakagonga meza, akajikuna goti bila kusema kitu, na kule kutosema kulimchoma Rita kuliko neno.

Basi akamwita fundi Mulinge. Alimwambia kwamba mke mwenzake anataka kuongeza chumba, ajaribu kumpimia kimyakimya. Mulinge alikwenda na futi yake, akapima nje akizunguka, akaingia ndani kusalimia, akapima kwa macho, maana macho yake yalikuwa futi ya pili. Akarudi kwa Rita akanywa maji.

"Nje ni ileile niliyoijenga," alisema. "Ndani imezidi. Nyumba haishiki mimba, mama Valentine. Ikizidi huku, imepungua kule."

Akamuuliza kama kuna kazi nyingine. Hakukuwa na nyingine, akachukua futi yake akaenda zake.

Rita hakuwa ameingia chumba cha nyuma cha Ben tangu Pasaka. Alimsalimia Nyanya dirishani tu, akipita kwenye tangi. Siku hiyo alibeba maziwa kama kisingizio, akagonga mlango, na alipoufungua ilimbidi ainame. Dari lilikuwa limeshuka. Kitanda kilikuwa kimekatwa miguu, na baadaye kikakatwa urefu, na sasa hakikuwapo. Palikuwa na godoro lililokunjwa. Dirisha lilikuwa kama la mabanda ya kuku.

Nyanya alikuwa juu ya godoro, anafuma. Naye alikuwa amepungua, kwa kadiri ya chumba, kama mtu anavyojibana kwenye benchi la kanisa ili mwenzake apate pa kukaa. Alikuwa sasa kimo cha mtoto wa chekechea. Gauni lake lilikuwa limepungua naye, na leso yake, na miwani. Mikono tu haikupungua. Ilikuwa mikono ileile mikubwa ya mwanamke aliyelima mteremko wa Wusi, imetulia mapajani mwake kama ya mtu mwingine, na sindano ilikuwa ikienda.

"Mama, hapa hapakubani?" Rita aliuliza.

"Ningekuwa mkubwa pangenibana."

Rita akamimina maziwa. Nyanya akashika kikombe kwa mikono yote miwili, kikapotea ndani yake, akanywa. Akauliza habari za Valentine, kama anafanya vizuri shuleni. Akauliza kama mvua imenyesha juu. Rita akajibu yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye kazi iliyokuwa imetandazwa sakafuni: kitambaa cha meza ndefu, meza ya watu wengi, chenye ndege kwenye kila pembe. Alijua ni cha Desemba.

Sababu yenyewe aliijua baadaye, siku mke wa mchungaji alipomtembelea Immaculate. Rita alikuwepo, maana siku hizo hakukosa mgeni yeyote wa Immaculate. Mke wa mchungaji alishika kitambaa cha kochi, akakigeuza kutazama upande wa nyuma kama wafanyavyo wajuzi, akauliza ni kazi ya nani. Immaculate alikuwa jikoni akichuja chai. Ben, aliyekuwa anafunga kamba za viatu aende kazini, akajibu bila kuinua kichwa:

"Hiyo? Hiyo ni ya Mama. Zote ni za Mama."

Ukuta wa nyuma ukaja mbele. Ulisukuma kochi, kochi likasukuma meza, na mke wa mchungaji akajikuta amekaa karibu na Rita kuliko alivyotaka. Alisema samahani, Rita akasema hakuna neno. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika mifupa ikinyooka, kama kuni mbichi motoni, na kupitia dirisha la jikoni Immaculate aliona leso ya mama mkwe wake ikipanda mpaka kufikia kioo cha dirisha la nyuma.

Akaingia na chai. Alitazama ukuta, akamtazama Ben, akatazama mahali kochi lilipokuwa limefika. Hakuwa mwanamke mjinga. Mgeni alipoondoka alimwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida na Rita akiwa bado anakusanya vikombe, kwamba kuanzia siku hiyo maswali ya wageni ni yake yeye kuyajibu. Ben alipenda amani. Alisema sawa, akaenda kazini.

Jumamosi iliyofuata wageni walikuja, wakasifu, Immaculate akasema asante, asante sana, najitahidi tu. Na sebule ikarudisha yote iliyokuwa imepoteza, ikaongeza.

Rita sasa alikuwa anajua. Alijua kwa nini vitambaa vyake mwenyewe havikusogeza hata tofali: sifa ya vitu vyake ilikuwa yake, haikuwa na pa kutoka. Mtu mwingine angekwenda nyuma akamfungulia yule mama mlango. Rita pia alifikiri habari ya mlango. Lakini kila alipofikiri, mlango ule ulifungukia kwake, na nyuma ya Nyanya ilifuata meza ndefu, na sahani za bluu, na Nzilani amenyoosha miguu. Alijiambia kwamba yeye hatafanya kama mwenzake. Mama akiwa kwake atamtaja mbele za watu. Atasema ni kazi ya Mama, angalau kwa mambo makubwa. Alijiambia hivyo akifua, akipika, na kanisani, na alikuwa anajiamini.

Akamwambia Mwandawiro kwamba mama yake anabanwa. Ilikuwa kweli, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema. Mwandawiro akashuka Ijumaa, akaenda kwa ndugu yake, akainama kwenye mlango ule wa nyuma, akatoka. Wakamwita baba yao mdogo kutoka Wusi, kwa kuwa jambo la kumtoa mama kwa kitinda mimba si la vijana.

Baba mdogo alikuja na koti lake la baridi, akalivulia stesheni. Walikutana katika sebule ya Immaculate, maana ndiyo iliyotosha watu. Alimsifu mwenye nyumba, Immaculate akamshukuru, wakangoja ukuta umalize. Kisha Rita akaombwa aseme.

Alisema vizuri. Alisema mama ni mmoja na wana ni wawili. Alisema haifai mzigo wote kumlemea mke mdogo, na chumba kama kile ni aibu kwa ukoo, mtu akija kupiga picha. Alilia kidogo. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema mkaza mwana kama huyu ni wachache. Immaculate alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Mke mwenzangu," alisema, "hukumpenda Mama hivi alipokuwa mrefu."

"Sikuwa nimeona anavyoteseka."

"Umeona sebule."

Baba mdogo akasema wanawake watulie. Akasema pia kwamba ni haki mwenye jambo aulizwe. Ben akaenda akamleta Nyanya mikononi, akamweka juu ya mto wa kochi. Miguu yake haikufika ukingo. Aliwaamkua wote, akamuuliza shemeji yake kama njaa iko milimani.

"Mama, unataka kukaa kwa nani?" baba mdogo aliuliza.

Nyanya alifikiri. Alitazama ukuta wa vikapu, pengine mara ya kwanza, maana wageni wakiwepo hakuitwa sebuleni.

"Nirudisheni Wusi," alisema. "Nyumba yangu iko. Kuwasha moto najua."

Mwandawiro akasema kule kuna baridi, na magoti ya Mama hayataki baridi. Ben akasema njia ya kule inateleza. Baba mdogo akakohoa akasema katika ile nyumba kwa sasa yeye amehifadhi viazi vya mbegu, kwa muda tu, na viazi vya mbegu havipendi moshi. Wote walikubaliana kwamba Mama amesema vizuri. Walimshukuru kwa maoni yake. Halafu baba mdogo akakata shauri: Mama atakaa kwa Rita, naye Immaculate apumzike, na desturi haitavunjika kwa kuwa ploti ni moja.

Rita alimhamisha asubuhi iliyofuata, kabla jua halijawa kali. Alimtia ndani ya kikapu kikubwa, na Nyanya aliingia vizuri, kwa kuwa alikisuka mwenyewe na alijua kinavyokaa. Mikono yake ilibaki nje, imelala juu ya ukingo. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliuliza kama ni safari, Rita akasema ni hapo tu. Nyanya alitazama Milima ya Taita iliyokuwa wazi asubuhi ile, ya samawati, na mawingu yamekaa juu yake. Aliitazama mpaka walipoingia kivuli cha nyumba.

Chumba cha nyuma cha Rita kilikuwa kipana. Nyanya aliwekwa kitandani na ndani ya siku chache alianza kunyooka, mpaka akafikia kimo cha msichana, na sauti yake ikarudi chini mahali pake. Rita alimpikia uji wa wimbi. Alimchana nywele. Aliona kwamba ni raha kumtunza, na siku mbili tatu hakukumbuka karamu.

Kisha akaleta nyuzi. Alileta nyeupe na za dhahabu, na mkonge uliokwisha kutiwa rangi. Nyanya akapokea, akauliza wanapenda maua au ndege. Rita akamwambia yote mawili.

Zamu ya Rita ikafika tena, ya mwisho kabla ya Desemba. Makochi yalikuwa yamevikwa vitambaa vipya, vyeupe mpaka macho yakauma. Juu ya meza palikuwa na kitambaa chenye maua na ndege, na ukutani vikapu, ila yeye hakuvipanga kama vifaranga. Alivipanga kama mwezi unavyokua, kutoka mwembamba hadi mzima, na jambo hilo hakuliona kwenye simu ya mtu. Alipika pilau. Alitoa sahani za bluu.

Akina mama waliingia wakavua viatu. Immaculate alikuja wa mwisho, akakaa karibu na mlango. Sebule yake haikuwa imerudi nyuma hata kidogo tangu Nyanya aondoke, hilo Rita alilijua, alikuwa amekwenda kuomba chumvi tena. Ilichokula ilikuwa imekula.

Nzilani alisimama katikati akazunguka polepole. Aligusa ndege wa kitambaa kwa kidole kimoja. Akakaa, na magoti yake yakagonga meza.

"Rita," alisema, "mbona ulikuwa umetuficha? Hii ni kazi yako?"

Mlango wa kwenda nyuma ulikuwa wazi kidogo. Rita angeweza kuusukuma kwa mguu. Neno alilokuwa amejiahidi lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari limefika mdomoni. Akamtazama Immaculate. Immaculate alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anangoja, na midomo yake ilikuwa na tabasamu dogo la mtu anayemwona mwenzake akivua viatu kuingia mahali alipokwisha kuingia yeye.

"Asante, mwenyekiti," alisema Rita. "Najitahidi tu."

Ukuta wa nyuma ukarudi. Sauti ya kiti kikiburutwa, basi. Nzilani akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Wengine wakasifu vikapu, Rita akashukuru. Wakasifu vitambaa vya kochi, akashukuru. Na kila aliposhukuru alihisi hewa ikiongezeka kifuani mwake, hewa nyingi, kama ya mtu aliyefika juu ya kilima. Hakutazama mlango wa nyuma tena. Mtu mmoja akauliza habari za Nyanya. Immaculate ndiye aliyejibu, akasema Nyanya ni mzima, siku hizi anapumzika.

Wakala pilau wakamaliza. Nzilani akasema sasa kuhusu Desemba, mambo yamekuwa magumu, maana nyumba mbili zinafaa. Kwa sasa ya Immaculate bado ni pana zaidi, hilo lazima lisemwe. Lakini atapita zote mbili Jumamosi ijayo na mumewe na futi, na itakayozidi ndiyo watakapokula. Immaculate akasema sawa. Rita akasema sawa. Wakaagana mlangoni kwa kushikana mikono, na hakuna aliyeachia wa kwanza.

Jua lilikuwa bado liko juu Rita alipokwenda nyuma na sahani ya pilau aliyoiweka kando. Mlango haukufunguka zaidi ya kiganja. Chumba kilikuwa kimepungua upesi kuliko cha Immaculate, kwa kuwa sifa zilikuwa nyingi kwa siku moja. Akapiga magoti sakafuni.

"Mama. Nimekuletea chakula."

"Wageni wameshiba?" ilitoka sauti, ndogo, ya upole.

"Wameshiba."

"Kitambaa wamekipenda?"

"Wamekipenda sana."

"Wamesema nini?"

Rita alishika sahani. Pilau ilikuwa inapoa. Kupitia uwazi wa mlango aliona mkono mmoja umesimama wima kando ya ukuta, mkubwa, umejaza karibu chumba chote, na nyuma yake kitu kidogo chenye leso.

"Wamesema nyumba ni nzuri," alisema.

"Ni vizuri."

Akapitisha pilau kijiko kwa kijiko. Nyanya akala kidogo akasema inatosha, mtu mdogo hushiba mapema. Rita akafuta sakafu palipomwagika. Alikaa pale, mgongo kwenye mlango, akiitazama sebule yake iliyonyooka mbele yake mpaka kwenye dirisha, na ng'ambo ya dirisha nyumba ya Immaculate, ya mchoro uleule, na akili yake ilikuwa ikipima.

"Mama," alisema, "Jumamosi wanakuja tena."

Ndani kulisikika mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayetafuta miwani.

"Basi niletee uzi," Nyanya alisema.

Mlango ulikuwa umejifunga kwa kubanwa. Rita alileta mpira wa uzi mweupe, akatafuta ncha yake, akaisukuma kwenye upenyo wa chini. Uzi ukashikwa kutoka ndani. Ukaanza kuingia, polepole na bila kukatika, na mpira ukawa unabingirika wenyewe huku na huku katikati ya sakafu pana.